Gurudumu la Kulia

Mdogo wangu wa kike husema kwamba habari ya breki nimeisimulia vibaya miaka yote hii. Anasema kila ninapoisimulia, mimi ndiye fundi na yeye ni mtu wa kushika taa. Hapakuwa na taa. Ilikuwa mchana kweupe, siku mbili mfululizo, uani kwetu Kisarawe. Kwa hiyo sasa naiandika kama ilivyokuwa, na kila karatasi nikiimaliza nampa aisome kabla sijaanza nyingine.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kufunikwa nyuma, mbavu zake za bati. Baba alilinunua kwa mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam ambaye alikuwa akimwendeshea kwa miaka mingi. Kwa yule mwenye duka lilikuwa likisambaza mikate, neno MIKATE limeandikwa ubavuni, na mvua zote za Kisarawe hazikuweza kulifuta, kwa hiyo watu waliliita gari la mkate ingawa sisi tulibeba mihogo, machungwa na mananasi. Tulipakia Marui na vijiji vya jirani, tukashuka mlima hadi Pugu, tukazunguka mpaka barabara ya Morogoro, tukashusha Maili Moja. Nyuma baba alipigilia mbao mbili za kukalia. Siku za Idi au arusi mizigo ilikaa nyumbani, na sisi sote tukakaa kwenye mbao, magoti yakigongana, tukaenda kuwaona ndugu zetu wa upande wa Mlandizi.

Tulikuwa wanne. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la nne, yeye mdogo wangu alikuwa anajifunza kusuka ukili wa mikeka, na wale wawili wa mwisho walikuwa wadogo, mmoja hajaota meno. Sikurudi shuleni. Baba alinipandisha garini niwe utingo wake, na shule yangu ikawa pale: kufunga mzigo, kuweka mawe chini ya magurudumu, kumpa spana kabla hajaitaja namba yake.

Baba alikuwa na namna yake ya kufungua breki. Kwanza alitandika jamvi kuukuu kando ya gurudumu. Kila kilichotoka alikilaza juu yake kwa mstari, kimoja baada ya kingine, kama watu waliojipanga kuswali, na alinikataza kukatiza mbele ya mstari ule kama ambavyo angenikataza kukatiza mbele ya mtu anayeswali. Lile bakuli kubwa la chuma linalofunika breki aliliita ngoma. Vile vipande viwili vya ndani, vilivyopinda kama mwezi mchanga na kubandikwa ngozi ngumu ya kusugua, vilikuwa viatu. Ukikanyaga pedali, viatu vinatanuka na kuikaba ngoma kutoka ndani. Ukiiachia pedali, springi zinavirudisha. "Ngoma inazunguka, viatu vinaizuia isicheze," alisema. Hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa, na mpaka leo sijapata mazuri zaidi.

Mwaka ule baba aliumwa kifua akalala wiki tatu. Nilikuwa na miaka ishirini, na leseni. Niliendesha peke yangu, na kila jioni niliporudi alikuwa akisikiliza kutoka kitandani. Kulikuwa na mengi ya kusikiliza. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likilia kila nilipofunga breki. Lilipiga yowe jembamba, refu, na kwenye kona ya chini ya nyumba yetu lilisikika mpaka jikoni. Mdogo wangu akilisikia alibandika chungu. Nikiingia ndani na kunawa, chakula kilikuwa karibu kuiva.

Jioni moja, siku nne kabla hajafariki, baba aliniita.

"Kabla ya mvua," akasema, "fungua la kulia."

"Ndiyo, baba."

"Usisahau. La kulia."

Kuhusu gari hakusema lingine tena. Mengine yalikuwa ya wadogo zangu.

Baada ya arobaini nilitandika jamvi, nikafungua gurudumu linalolia. Nikapangusa vumbi, nikasugua viatu kwa msasa, nikarudisha. Likalia. Baada ya mwezi nikalifungua tena, likalia zaidi. Nikalifungua mara ya tatu. Nilikuwa nimepewa agizo moja tu na baba yangu na nilikuwa nalitimiza kwa bidii zote. Sikuelewa kwa nini halitimiziki.

Kitu kingine alichotuachia kilikuwa kimening'inia chini ya usukani. Baba alikitundika pale wiki ile ile aliyoanza kuumwa: kifurushi cha duara, bapa, kama sahani ya kikombe, cha kitambaa cheupe cha kanzu kuukuu, kimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi. Sikumwuliza ni nini. Mtu haulizwi habari ya hirizi yake. Nilijua tu kwamba ameliwekea gari kinga, na kwamba kinga ile sasa ilikuwa yetu. Mdogo wangu alipofuta vumbi garini alikizunguka, hakukigusa. Wale wadogo waliambiwa mikono yao isifike huko.

Baba mkubwa hakukipenda. Alikuwa kaka yake baba, mkulima wa karibu na Mlandizi, mtu aliyefundisha watoto Kurani barazani kwake na asiyetaka kusikia habari za hirizi. Alikuja Kisarawe kutuangalia, kama alivyofanya kila baada ya miezi michache, na siku ya kuondoka nikasema nitamshusha mimi hadi Pugu. Nyuma kulikuwa na magunia ya machungwa.

Tulipokuwa katikati ya mteremko kundi la mbuzi likatoka kichakani. Nikakanyaga breki. Gurudumu la kushoto likapiga yowe, na gari, badala ya kusimama, likavutwa kushoto kama punda aliyekamatwa sikio. Likapanda ukingo, likaegemea udongo, likatulia hapo. Mbuzi walipita wote. Gunia moja lilipasuka, machungwa yakatutangulia kwenda Pugu. Kofia ya baba mkubwa iliruka nje ya dirisha, na hakuiulizia.

Baba mkubwa alijipapasa kichwa. Kisha akakinyooshea kidole kile kifurushi.

"Ndugu yangu alikiamini kitambaa hiki. Wewe unaamini nini?"

"Naamini breki, baba mkubwa."

"Zipi?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye kichwa wazi, na gari nililifuata baadaye na majirani wa kulisukuma.

Asubuhi yake, tukiwa kwenye chai, alisema neno lake. Hakulisema kwa ukali. Nilikuwa nimekaa kitako mkekani na nilimwona akitafuta pa kuanzia.

"Wanangu, mimi sitaki kuwatia uchungu. Lakini nilipokuwa ndani ya gari lile jana niliwaona moyoni hawa wawili wamekaa nyuma, kwenye zile mbao. Nitamwambia nini ndugu yangu siku ya Kiyama? Gari lile ndilo linalowalisha, na ndilo litakalowaua. Basi liuzwe. Hawa wadogo nitakwenda nao Mlandizi. Dada yao atakwenda Marui kwa shangazi yake, anahitaji mtu wa kumsaidia shamba. Wewe ni mwanamume, utapata kazi ya kuendesha gari la mtu."

Wadogo wakaanza kulia, wote wawili kwa pamoja, na mimi nikawavuta, mmoja huku, mmoja huku. Dada yao alikusanya vikombe akaenda kuviosha. Nilimshukuru moyoni kwamba yeye hana matatizo.

"Baba mkubwa," nikasema, "nipe siku chache. Nitazitengeneza."

"Umezitengeneza mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akapangusa ndevu. Alikuwa mtu wa haki, na naamini hilo ndilo lililotuokoa kabla ya lingine lolote. "Nina shughuli zangu Dar es Salaam. Jumapili nitarudi hapa. Nitapanda gari lile tena, mteremko ule ule. Sitaki isemwe kwamba niliwatawanya watoto wa ndugu yangu bila kuangalia mara mbili. Lakini likifanya kama jana, siku ile ile naondoka na hawa. Vitu vyao viwe tayari."

Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa baada ya swala nilitandika jamvi. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, kama kila kitu cha Kisarawe, na gurudumu la nyuma halifunguki mpaka hendibreki iachiwe, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayoishika ngoma. Kwa hiyo mawe kwanza, mawili kila gurudumu la mbele. Kisha nati nikazilegeza gurudumu likiwa bado chini. Kisha jeki, na gogo la mkorosho chini ya ekseli, maana baba hakuwahi kuiamini jeki peke yake. Gurudumu likatoka. Nikagonga ngoma kwa nyundo polepole kuizunguka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wagonjwa, mpaka ikaachia.

Ndani palikuwa safi. Ngoma ilikuwa inang'aa, haina mkwaruzo wa kutisha. Ngozi za viatu zilikuwa zimekwisha, zimebaki nyembamba, lakini kavu, zimekaa sawasawa. Springi nzima. Nilivilaza vyote kwenye jamvi, nikavitazama kimoja kimoja, nikachuchumaa.

Mdogo wangu alitoka jikoni na mikono yenye unga. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mdomo wa mtu wa arobaini.

"Hili umelifungua mara ngapi, kaka?"

"Nne, na hii."

"Linaumwa nini?"

"Sioni."

"Sasa unalifungulia nini?"

"Baba alisema nifungue la kulia. Linalolia ndilo hili."

Aliliangalia gurudumu. Akaniangalia mimi. Akapangusa unga kwenye kanga yake, akanyoosha kiganja.

"Hebu nipe mkono wako wa kulia."

Nikampa.

Akaugeuza huku na huku. "Huu ndio unaolia?"

"Una maana gani?"

"Nakuuliza. Una machozi?"

Nikaanza kuona anakokwenda, na sikutaka kufika.

"Baba amekuwa dereva tangu sijazaliwa," akasema. "Linalolia angesema linalolia. Alikwambia la kulia. Upande wa mkono wa kulia wali. Upande wake yeye, wa usukani. Wewe umekaa miezi minne unambembeleza wa kushoto."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Si kwamba neno lilikuwa gumu. Nilikuwa nalitamka kila siku, nikimwelekeza mtu njia, nikimkumbusha mdogo wangu wa mwisho mkono wa kuchotea chakula. Lakini gari lilikuwa linalia na baba alikuwa anakufa, na masikio yangu yalisikia kile yalichokuwa yamejaa.

"Lile la kulia halina neno," nikasema, kujitetea. "Halijawahi hata kupiga kelele."

"Ndivyo ulivyo, kaka." Alikuwa ameinama anaziangalia springi, sikuuona uso wake. "Kinacholia ndicho unachokikimbilia. Kisicholia unasema ni kizima."

Akarudi jikoni. Ilinichukua muda, na nyundo mkononi, kuelewa kwamba hatukuwa tena kwenye habari ya magurudumu, na kwamba tangu Alhamisi hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda Marui.

Jumamosi asubuhi tulihamishia jamvi upande wa pili. Safari hii hakurudi jikoni. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akipokea kila nilichomkabidhi na kukilaza kwenye mstari, na mtoto mmoja alipotaka kukatiza mbele alimrudisha kwa sauti ile ile ya baba.

Nati ziligoma. Niliruka juu ya spana kwa miguu miwili. Ngoma nayo haikutaka kutoka, na nilipoigonga haikutoa mlio wa chuma kama mwenzake, ilitoa mlio mzito, kama mtungi uliojaa. Ilipoachia hatimaye, kitu cheusi kikachuruzika mpaka kwenye jamvi.

"Astaghafirullahi," mdogo wangu akasema. "Hiki ni kikaango."

Na kweli. Ndani kila kitu kilikuwa kinaelea kwenye mafuta. Viatu vilikuwa vimelowa kama maandazi yaliyotolewa mapema. Na ngozi zake zilikuwa nene, nene kama siku zilipobandikwa, kwa sababu hazikuwahi kusugua chochote. Tuliviweka viatu vya kushoto na vya kulia ubavu kwa ubavu.

"Hivi vimekwisha kisigino," akasema. "Na hivi ni vya bwana asiyetoka nyumbani."

Hapo nikaona jambo zima, mpaka yale machungwa. Nyuma ya gari breki ilikuwa moja tu. Upande wa kulia viatu viliteleza kwenye mafuta, havikushika kitu. Upande wa kushoto ulikuwa unashika kwa ajili ya wote wawili, ndiyo maana ukalia, na ndiyo maana ukatuvuta mpaka ukingoni. Na mimi nilikuwa nimekaa miezi yote ile namlaumu yule aliyekuwa akifanya kazi.

Mafuta hayo ni ya ekseli. Yanakaa ndani, yanailainishia meno yake, na yanazuiwa yasitoke nje na pete ya ngozi inayobana chuma cha ekseli pale kinapoingia kwenye gurudumu. Nilikichomoa kile chuma, na pete ikaja nacho, imepasuka, imekauka kama kanda ya kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Nikaiweka kiganjani. Vumbi, mafuta, ubishi wa ngoma, hayo yote tungeyaweza. Pete hatungeiweza. Pete ilikuwa Dar es Salaam, dukani, na dukani kwenyewe wangeweza kuniambia nirudi baada ya wiki. Baba mkubwa alikuwa anakuja kesho.

"Siwezi kukata ya kandambili?" nikasema. Nilikuwa najisemea tu.

Mdogo wangu aliichukua ile pete mbovu. Alikuwa mshonaji, na mshonaji hupima kila kitu anachokishika. Aliitoa sindano yenye uzi iliyokuwa imechomekwa kwenye ukosi wake, akauzungusha uzi kwenye pete, akaubana kwa kucha pale ulipokutana. Akaushika uzi ule hewani, umekaa duara. Kisha akageuka polepole akatazama ndani ya gari, chini ya usukani.

"Usiseme," nikamwambia.

"Sijasema."

"Ile ni hirizi ya baba."

"Kaka, umewahi kuona hirizi yenye shimo katikati?"

Sikuwahi kuiangalia kiasi hicho. Sasa nikaiangalia. Kitambaa katikati kilikuwa kimezama, kama kimekaa juu ya tundu.

Tulisimama mlangoni mwa gari, mimi na yeye, hakuna aliyetaka kutangulia. Kama ni hirizi, tunavunja kinga ya marehemu siku moja kabla ya siku tunayoihitaji. Hatimaye alisema bismillahi, akakifungua kamba, akakaa nacho kwenye kibao cha mbuzi. Hakukichana. Alifumua mshono kwa ncha ya sindano, pindo moja baada ya jingine, na uzi mweusi akauzungusha kwenye kidole usikatike. Aliniambia kama ndani kuna maandishi ataurudisha uzi kwenye matundu yale yale.

Ndani kulikuwa na karatasi ya kahawia iliyojaa grisi. Ndani ya karatasi kulikuwa na pete ya ngozi, mpya, laini, imeloweshwa mafuta isikauke. Hakukuwa na herufi hata moja.

Baba alikuwa ameshaijua ile pete mbovu. Alikuwa ameshaununulia ugonjwa dawa yake, akaifunga isiingie vumbi, akaitundika mahali ambapo hakuna dereva atakayeketi asiione. Kisha akaniambia lipi la kufungua. Hakuacha chochote bila kukiandaa. Kitu kimoja tu hakukifikiria, kwamba sisi tutakiogopa.

Mazikoni sikulia. Nilikuwa na watu wa kuwapokea, na wadogo wawili wa kuwashika. Pale uani, na pete kiganjani, nililia. Mkono wa kulia ulikuwa umejaa mafuta, nikajifuta kwa wa kushoto.

Mdogo wangu alinitazama kitambo. "Basi leo nimempata," akasema. "Huyu hapa ndiye wa kulia." Akacheka mpaka akashika gari, na mimi nikacheka huku machozi yakiendelea, na wale wadogo wakaja kuuliza kuna nini, tukashindwa kuwaambia.

Mchana ule ulikuwa wake zaidi kuliko wangu, na hapa ndipo anaposema huwa napapita haraka. Nilipoviosha viatu kwa petroli nilitaka kuvirudisha. Akasema havijatoka mafuta, vimetakata uso tu, kama sufuria iliyopanguswa. Vilipokauka kabisa juani aliviweka juu ya jiko la mkaa, mkaa kidogo, majivu juu yake, akavigeuza kwa koleo kama anavyogeuza mihogo ya kuchoma. Ngozi ilitoa jasho jeusi. Alifuta, akarudisha, akafuta. Jirani yetu alichungulia uani akauliza tunapika nini kinachonuka hivyo.

"Viatu, shangazi," mdogo wangu akasema. "Karibu."

Vilipoacha kutoa jasho nikavisugua kwa msasa mpaka rangi yake ikarudi. Pete ikaingia mahali pake kwa kidole, bila kulazimishwa. Chuma cha ekseli kikarudi. Springi moja iliniuma kidole gumba, alama yake ninayo. Tukafuata mstari wa jamvi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, yeye akinikabidhi, mimi nikifunga, na tulipofika kichwani mwa jamvi hakuna kilichobaki. Baba alikuwa akisema hapo ndipo fundi anapopumua. Nikakaza kile kijigurudumu cha meno cha kurekebishia, kwa bisibisi, kupitia tundu la nyuma, mpaka gurudumu likawa linazunguka kwa kusita kidogo, nikalirudisha jino moja. Nikafanya hivyo hivyo kushoto.

Baba mkubwa alifika Jumapili adhuhuri, na kofia mpya.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Tayari?"

"Tayari."

Wadogo walipanda nyuma na mabunda yao mapajani, kama alivyoagiza. Dada yao alisimama mlangoni. Hakuaga. Alisema chakula kitakuwepo.

Tuliteremka. Baba mkubwa alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. Tulipokaribia pale palipokuwa na mbuzi, akasema, "Simama."

Nikakanyaga. Gari likasimama katikati ya njia, limenyooka, kimya. Nyuma sikusikia hata bunda kuanguka.

"Twende," akasema. Na baada ya hatua kama hamsini, "Simama."

Likasimama.

Alifanya hivyo mara tano mpaka karibu na Pugu. Mara ya mwisho alikuwa hashiki kitu tena. Akatazama chini ya usukani, na hapakuwa na kitu.

"Kile kitambaa umekitupa?"

"Kitambaa kiko nyumbani. Kilichokuwa ndani kiko kwenye gurudumu, baba mkubwa. Lile la nyuma, la upande wangu."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata ya mkono wa kulia, maana nilijua mdogo wangu angemweleza nisipofanya hivyo. Alisikiliza akiangalia mbele. Nilipomaliza alivua kofia, akaiweka gotini.

"Alikuwa ameifunga isiingie vumbi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimemsema. Miezi minne, kila nikimwombea dua, namwombea na msamaha wa hirizi." Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu huko aliko anashangaa naomba msamaha wa nini."

Akashuka. Akazunguka nyuma, nikamsikia akiwaambia wale wadogo wayafungue mabunda yao, nguo zikikunjwa sana zinapauka. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Dada yao asiende Marui kama hataki. Umemwuliza?"

"Bado."

"Mwulize."

Nilimwacha hapo ashike njia ya Mlandizi, nikapanda mlima taratibu na wale wadogo. Kwenye kona ya chini ya nyumba nikafunga breki kama kawaida. Hakuna kilicholia. Upande wa kushoto, baada ya kupata mwenziwe, ulikuwa umenyamaza. Niliingia uani, nikazima injini, hakuna aliyetoka.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Miguuni alikuwa na bunda lake, limefungwa kwa kanga, mafundo mawili. Moto ulikuwa majivu. Aliinua kichwa akawaona wale wadogo nyuma yangu.

"Sikuwasikia," akasema. "Nimesikiliza, nimesikiliza. Nikajua hamrudi."

"Halilii tena."

"Halilii?"

"Hata kidogo. Unataka kwenda Marui?"

"Sitaki," akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto, uso kwenye kanga. Nilichuchumaa karibu naye mpaka akamaliza. Kisha akalifungua bunda kutafuta sufuria, maana alikuwa ameifunga humo pamoja na nguo zake, na akaniambia niwashe moto, kwa kuwa kuanzia siku ile nitakuwa nikirudi bila taarifa na wali sitaukuta.

Amesoma karatasi hii ya mwisho. Anasema haukuwa wali. Ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na mimi nilikula zaidi ya wote. Mengine yote, anasema, angalau safari hii yako sawa.